Bawabu Aliyefunga Lango

Mimi na Vanisha tulinuniana siku kadhaa kwa sababu ya mtu wa kuchorwa. Si mtu wa nyama na damu. Ni mtu wa wino, mwenye ndevu hadi magotini na funguo zinazoning'inia ndani ya hizo ndevu, mlinzi wa lango la mji ambao hakuna barabara inayofika. Vanisha alisema auawe. Nikamwambia akithubutu kumgusa Bawabu wangu nitamlaza yeye mwenyewe kwenye fremu ya kochi na kumpigilia kitambaa juu. Alicheka kwanza, halafu akaona sicheki.

Aliyetutia wazimu huu ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Karakanani hapa kila mtu anamwita Sponji. Kazi yetu ni makochi: mimi ni seremala, natengeneza fremu, Vanisha anapaka vanishi miguu na mikono ya mbao, na jina lake limetoka huko, Sponji ndiye anayekivalisha kiti mpaka kikafanana na kiti. Anavuta mikanda ya chini mpaka inalia, anakata sponji kwa kisu kirefu cha mkate, anagundisha, anatandaza kitambaa, kisha anakimbiza bunduki ya pini ukingoni, ta-ta-ta-ta, huku ulimi umetoka nje kidogo upande wa kushoto. Ukimwona kwa mbali utadhani wanapigana, yeye na kochi.

Anayapenda makochi ya zamani kuliko mapya. Kochi la zamani, anasema, lina historia ya makalio. Akishalivua nguo, analichunguza sponji lilivyolika, anasahau hata chai.

"Shemeji, njoo uone," ataniita. "Hapa kuna mtu alikaa upande huu mmoja tu miaka yote. Mwenzake alikaa kule mwisho. Katikati hapajaguswa. Walikosana nini hawa?"

"Nitajuaje mimi? Labda mmoja alikuwa ananuka miguu."

"Hapana. Mtu akinuka miguu unahama chumba. Hawa hawakuhama." Na atabaki ameshika lile sponji, anafikiri.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa kalamu atachora nini kama si hadithi za watu wenye siri? Alizipenda manga, zile katuni za Kijapani, tangu akiwa msichana, alipokuwa akilelewa kwa mama yake mkubwa, ambako binamu zake walikuwa na rundo zima chini ya kitanda. Na anachora kwa mtindo ule ule. Kitabu chake kinaanzia pale vitabu vingine vinapoishia. Unafungua kutoka upande wa pili, na jicho linatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Kurasa anazifunga upande wa kulia kwa bunduki yake ya pini, ile ile inayoshika ngozi ya kochi, ndiyo maana vitabu vya Sponji havichaniki hata ukivivuta kwa meno. Anachora wakati wa mapumziko ya mchana, ameketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, na sisi tunasomea papo hapo, kwenye makochi ya watu, kabla wenyewe hawajayakalia.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna Mji wa Chumvi, umezungushiwa ukuta wa chumvi, kwa sababu nje kuna Vivuli, na Vivuli haviwezi kuvuka chumvi. Lango ni moja na bawabu ni mmoja. Bawabu huyo ana binti mdogo aitwaye Cheche, anayetokwa na moto kwenye vidole kila akicheka. Siku moja Bawabu anambeba Cheche mabegani, wanatoka nje ya lango, jua linawaka, mtoto anacheka mpaka moto unaruka. Anamweka chini kwenye jiwe. Anamwambia, "Nisubiri hapa, nakuja sasa hivi." Kisha anarudi ndani na kufunga lango.

Basi! Sura ya kwanza imeisha hapo. Mimi nilisimama, nyundo ikaniangukia mguuni, na sikusikia maumivu.

Sura zilizofuata zikatuchanganya zaidi, maana Bawabu si mtu mbaya. Hapo ndipo Sponji anaponiua. Angemchora ana meno ya mbwa, anakula watoto, tungemchukia tukamaliza. Lakini huyu anagawa chakula chake kwa yatima wa mji. Anawabeba wagonjwa mgongoni. Vivuli vikivamia, anasimama langoni peke yake, funguo zinalia kwenye ndevu kama kengele, anapigana mpaka mkono mmoja unageuka chumvi. Na wakati huo huo, nje, Cheche analelewa na Vivuli, anakua, anafundishwa upanga, na kila ukurasa anakaribia ukuta.

"Analisha watoto wa wenzake, wa kwake yuko nje!" Vanisha alikuwa akipiga kelele, brashi mkononi. "Huo si wema, huo ni usanii. Afe."

"Mtu asiye na roho hawezi kulisha mtoto wa mtu. Ana sababu."

"Sababu gani? Itaje!"

Tukamgeukia mwenye hadithi. "Shemeji, kwa nini alifunga lango?"

"Sijui," alijibu Sponji.

"Hujui? Si wewe unayemchora?"

"Namchora, lakini hajaniambia." Akashika bunduki yake ya pini na kuanza ta-ta-ta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nilijua kwa nini hajui, kwa sababu nimelala na siri hiyo mto mmoja. Mke wangu aliniambia zamani. Baba yao alipofariki, mama yao, yaani mama mkwe wangu, alimpeleka huyu mkubwa kwa dada yake, akamketisha kwenye kizingiti, akamwambia amsubiri, anakuja sasa hivi. Mdogo, ambaye ndiye mke wangu, alikuwa mgongoni. Akaondoka na wa mgongoni. Sponji alionana tena na mama yake akiwa binti mzima, na hakuna aliyemweleza kitu, naye hakuuliza. Wanasalimiana vizuri. Wanapelekeana zawadi. Lakini Sponji hajawahi kulala nyumbani kwa mama yake hata siku moja, giza likianza tu utasikia, "Haya, mimi naenda."

Na mama mkwe wangu, niwaambie ukweli, ni mtu mwema. Mtaani kwake ndiye anayekesha na wagonjwa wasio wake. Mimi mwenyewe alinipokea sina mbele wala nyuma, akanipa binti yake bila kunikunjia uso. Ndiyo maana Bawabu nilimtetea kwa hasira kiasi kile. Nampenda yule mama, na sikutaka mtu amkate kichwa, hata kwa wino.

Ikafika pabaya. Katika ukurasa wa mwisho aliouchora, Cheche amepasua ukuta, ameingia, upanga uko shingoni mwa Bawabu. Iliyobaki ilikuwa sura moja tu. Watu walikuwa wanapita karakanani kuuliza kochi lao na kitabu kwa pamoja, na wengine kitabu kwanza. Sponji hakushika kalamu. Siku moja tukiwa tunavuta mikanda wawili, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Shemeji, nikimuua Bawabu nitakuwa nimemaliza. Si kitabu tu. Sitamuuliza tena Mama, na nadhani hata kwake sitakwenda tena. Na nikimwacha hai bila sababu nitakuwa nadanganya."

"Basi kamuulize."

"Nitaanzaje? Yeye mwenyewe hajawahi kugusia."

Siku chache baadaye tukasikia hodi. Mama mkwe mwenyewe, amefuata kiti chake tulichokichelewesha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona maiti. Kiti changu kimekufa au bado mnakitibu?"

"Kinakuja, Mama," Sponji alijibu kutoka kule nyuma alikokuwa akikata sponji. Hakugeuka.

Nilimketisha mama mkwe kwenye kochi la watu watatu lililokuwa halijavishwa, likamzamisha kidogo. Pembeni yake kulikuwa na nakala ya karakana, sura zote zimefungwa pamoja, pembe zimechakaa kwa vidole vyetu. Akaichukua. Miwani aliisahau nyumbani, kwa hiyo maneno aliyaacha, akafuata picha. Na akafungua kama mtu yeyote afunguavyo kitabu: kutoka upande usio wake. Akaanzia mwisho.

Vanisha alifungua mdomo kumsahihisha. Nikamkanyaga mguu. Huyu ni mama mkwe wangu, jamani, nitamwambiaje hajui kushika kitabu?

Alisoma pole pole, analamba kidole, anafunua. Nilikuwa nikiona kila ukurasa kwa kuchungulia, na nywele zilinisimama, kwa sababu nyuma-mbele hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Upanga ulikuwa shingoni, ukaondoka. Ukuta uliopasuka ukajifunga wenyewe. Cheche akawa mdogo, na mdogo zaidi. Mkono wa chumvi ukarudi kuwa nyama, ndevu za Bawabu zikapungua. Kisha lango likafunguka! Bawabu akatoka nje, akaliendea jiwe, akamwinua mtoto mabegani, na wote wawili wakaingia mjini wanacheka, moto unaruka vidoleni.

Mama mkwe akafunga kitabu, akakipapasa. "Kizuri," alisema. "Nilidhani ataachwa nje moja kwa moja yule mtoto. Lakini mzee wa watu kafungua, kamfuata. Kimeisha vizuri."

Kisu cha Sponji kilinyamaza. Akatoka nyuma, vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele, akasimama mbele ya mama yake.

"Umekisoma kinyume, Mama. Kinaanzia huku. Hapo ulipomalizia ndipo mwanzo. Anambeba, anamtoa nje, anamweka kwenye jiwe. Halafu anafunga."

Mama mkwe alikigeuza kitabu, akautazama ukurasa ule. "Na hapa anamwambia nini? Sioni vizuri."

"Anamwambia, 'Nisubiri hapa, nakuja sasa hivi.'"

Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nisingeondoka pale hata kwa winchi.

"Na hakurudi?" aliuliza mama mkwe.

"Hakurudi. Kwa nini, ndiyo tunayojiuliza hapa. Vanisha anataka nimuue."

"Mimi?" alisema Vanisha, akajificha nyuma ya mkebe wake. "Mimi sijasema kitu, Mama. Mimi napaka tu."

Mama mkwe alikilaza kitabu magotini. Kisha akasema, "Nilirudi."

"Mama?"

"Nilirudi. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kulala kwa mwajiri, naye alikubali mtoto wa mgongoni tu. Wawili alikataa. Hilo la kwanza. Nilipopata chumba changu nikaja kukuchukua. Ilikuwa jioni, taa imewashwa ndani. Nikachungulia dirishani kabla ya kubisha hodi. Umesukwa nywele vizuri, mimi sijawahi kukusuka hivyo. Umesimama katikati, wenzako wamekuzunguka, mnacheka mpaka mmoja kaanguka chini. Na dada yangu anacheka, kakushika bega. Nikaona wivu. Walioniuliza niliwaambia nilikuacha kwa sababu ulikuwa umetulia, una furaha, nisikuvuruge. Uongo. Nilikasirika. Nilisema, kumbe hanihitaji, haya, na akae. Nikageuka. Na kila nilipotaka kurudi tena, niliona aibu ya ile mara ya kwanza. Aibu ikakaa miaka."

Nilijua Sponji atalia. Hakulia. Uso ulimwiva, macho yakamtoka, na akanigeukia mimi.

"Shemeji, karatasi! Yoyote! Haraka!"

Nikamrushia karatasi ya kaki tunayokatia vipimo. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuchora kwa penseli yangu ya useremala, mistari minene, anachana karatasi kwa nguvu.

"Unafanya nini?" aliuliza mama mkwe.

"Usiondoke. Umenikasirisha, Mama. Umenikasirisha sana, tena sana, na usiondoke. Dirisha lilikuwa upande gani wa mlango?"

"Kushoto."

"Ulisimama wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo. Nyuma ya shuka."

"Shuka la rangi gani?"

"Mwanangu, na hiyo nayo unaitaka?"

"Yote naitaka!"

Aliinuka akiwa na jasho la mtu aliyebeba kochi ghorofani. Sijawahi kumwona binadamu ameumizwa na kufurahi kwa mkupuo mmoja namna ile. Akasema wivu! Akarudia, wivu, si laana, si unabii, si amri ya mfalme, ni wivu wa dirishani tu! Mimi na Vanisha tulishikana mikono tukiruka kama wendawazimu, uadui umekwisha, ndipo nikakumbuka mama mkwe yupo na nikaweka mguu chini kwa heshima.

Sura ya mwisho alituficha. Makochi yalichelewa, wateja wakafoka, nikawa nawadanganya kuhusu gundi. Alipomaliza alimwita mama yake kwanza, na safari hii mama mkwe alikuja na miwani. Nikakaa pembeni yake na kidole changu.

"Samahani, Mama. Tuanzie kulia."

"Elekeza, mwanangu. Nisije nikawafufua waliokufa."

Nilielekeza. Upanga uko shingoni. Bawabu anakiri: alilifungua lango jioni moja, akajificha nyuma ya pazia la ukungu, akamwona Cheche katikati ya Vivuli, karibu na moto, na Vivuli vinagaagaa kwa kicheko. Akaona wivu. Akafunga tena. Cheche anaposikia hayo anatoa moto ambao sijawahi kuuona kwenye karatasi, nusu ya ukuta wa chumvi inayeyuka, ukurasa mzima ni mweupe na katikati yuko yeye tu. Vanisha, aliyekuwa akichungulia juu ya bega langu, aliniuma sikio bila kujua. Kisha moto unatulia na Cheche anauliza: "Ulijua tulikuwa tunacheka nini?"

Mama mkwe alilamba kidole. Akafunua mwenyewe, upande sahihi.

Cheche mdogo, kando ya moto, amejifunga ndevu za majani hadi magotini. Ametundika mawe kwenye ndevu yawe funguo. Anatembea kwa matege, kifua mbele, mkono mmoja hewani kama anafungua kufuli. Anamwigiza baba yake. Chini imeandikwa kwamba alifanya hivyo kila jioni, asije akamsahau.

Katika picha ya mwisho kabisa, Cheche ameusukumiza upanga wake chini ya lango, umekwama pale kama kabari. "Sijakusamehe," anasema. "Lakini hili halifungwi tena."

"Hajamuua!" alipiga kelele Vanisha, na wallahi alikuwa na furaha kuliko mimi.

Mama mkwe hakumsikia. Alikuwa amerudi kwenye ule ukurasa wa ndevu za majani. Alivua miwani. "Hii ni kweli? Au umechora tu?"

"Ni kweli, Mama. Ndiyo tulichokuwa tunacheka. Kila jioni nilikuwa nakuigiza wewe. Unavyopiga chafya, unavyotembea. Mama Mkubwa alikuwa anacheka kuliko wote, anasema, ndiye yeye kabisa."

Mama mkwe akaivaa tena miwani. Halafu akasema, "Niigize."

"Nimeshasahau."

"Hujasahau. Niigize nione."

Sponji alitutazama mimi na Vanisha, akafuta mikono kwenye suruali. Akachukua kipande cha kitambaa cha kochi, akakunja sponji ndani yake, akakifunga mgongoni kama mtoto. Kisha akaanza kutembea katikati ya zile fremu. Alikuwa mwanamke mwingine, kijana, mwenye haraka, bega moja chini, kidevu mbele, mkono wa kushoto nyuma ukimwinua mtoto asiteleze. Vanisha alianza kucheka, na mimi pia, kwa sababu ni kweli, mama mkwe mpaka leo anatembea hivyo hivyo.

Mkono wa kulia aliuacha wazi pembeni, umeshuka kidogo, vidole vimekunjwa.

"Na huo mkono je?" aliuliza mama mkwe. "Nimeshika nini?"

"Mimi," alisema Sponji, huku akiendelea kutembea.

Mama mkwe akajiinua kutoka kwenye kochi, akamfuata, akaushika.